Mkojo wa kitandani: weka huo mwiko chini

Weka huo mwiko chini kwanza. Umesema umeachishwa kazi mwezi jana, mwanao wa miaka minne ameanza tena kukojoa kitandani na kulialia ovyo, sasa wauliza viboko vingapi vinamtosha na kama umhamishie chekechea ya bei nafuu. Viboko havipo vya kumtosha.

Mwaka 2020 nilikuwa mhudumu wa hoteli hapa Mombasa. Machi ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, wageni wakaisha, tukapewa likizo bila malipo. Shule zimefungwa, kafyu inaanza saa moja jioni, Aprili tukazuiwa hata kutoka kaunti. Tuko watu wanne chumba kimoja, mwenye nyumba anapiga simu za kodi. Kifungua mimba wangu, umri huo huo wa wako, akaanza mkojo na kilio. Nikamchapa. Akazidi, nami nikazidi.

Mkojo ulikuwa jambo dogo. Mchana mmoja alianguka ngazini akaumia mkono, asiseme. Alijifunika leso ya mamake na joto lile la pwani, nisiuone. Mamake aliukuta usiku akimwogesha, umevimba. Hospitali wakasema umevunjika. Nilipomuuliza mbona hukuniambia, alitazama mikono yangu kabla ya kujibu.

Na yule mzee wa barazani aliyenijaza maneno, "ukimlegeza sasa atakupanda kichwani"! Watoto wa wenziwe ndio aliowagawia viboko kwa mdomo, na hela ya plasta hakutoa hata shilingi.

Mtoto wa miaka minne hakojoi usingizini kwa ukaidi. Amewasikia mkizozana, ratiba yake imevurugika, hofu inamtokea mwilini. Vipeperushi vya WHO na UNICEF vya wakati wa korona vilishauri mzazi anayetaka kufoka atulie sekunde 10, avute pumzi taratibu mara 5. Mimi hazikunitosha. Nilipokaa kufikiri, niligundua siku za viboko zilikuwa zile zile za simu ya mwenye nyumba. Tangu hapo, nikishazungumza habari za pesa, simgusi mtoto mpaka nitoke nje, nizunguke, ninawe uso, ndipo nirudi. Mkono ukikuwasha, toka!

Leo usiku tandika nailoni chini ya shuka, mwamshe akojoe kabla hujalala. Akiloa, mbadilishe bila maneno. Na mwenye nyumba akipiga, kaipokelee simu nje.