Wasomaji Wanauliza: Nani akae na nani kwenye tangi lenye mimea?

Salaam. Nina tangi la kioo, urefu sm 80, upana sm 35, kimo sm 45, lenye valisineria, anubiasi na gogo. Niliweka enjeli watatu, neoni kumi, babi wa milia sita na goldifishi wawili. Neoni wamebaki watatu na sijaokota hata mzoga mmoja. Mapezi ya enjeli yamechanikachanika, na kila asubuhi valisineria kadhaa zinaelea juu. Maji ni ya kisima: pH (kipimo cha uasidi) 8, ugumu (wingi wa chokaa na madini) digrii 18, joto nyuzi 28 hadi 29. Nani abaki, nani aondoke?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Neoni wako wameliwa. Enjeli (Pterophyllum) ni mwindaji, na neoni ni mwembamba kiasi cha kupita mdomoni mwake bila shida. Enjeli wadogo wa dukani hawawezi kumla, ndiyo maana wiki za kwanza huwa shwari. Wakishakua huwavamia alfajiri, neoni wakiwa bado wametulia karibu na mimea, na hakibaki kitu cha kuokota.

Mapezi yamechanwa na babi (Puntigrus tetrazona). Hawa huishi kwa kudonoana wao kwa wao, na wakiwa wachache hugeukia jirani mwenye mapezi marefu anayekwenda taratibu. Ukiwaongeza wafike kumi vurugu itapungua, lakini enjeli hatakuwa salama. Wanaong'oa valisineria ni goldifishi: hufukua changarawe wakitafuta chakula na hutafuna majani laini.

Goldifishi ndio wa kuondoka leo, kabla hata ya babi. Ni samaki wa maji ya baridi, nyuzi 18 hadi 22, na hutoa uchafu mwingi mno kwa tangi lako. Hapa pH yako inakuwa hatari. Katika joto la nyuzi 28, sehemu yenye sumu ya amonia inayotokana na uchafu huo huwa karibu mara kumi zaidi kwenye pH 8 kuliko kwenye pH 7, ingawa jumla ya amonia ni ileile. Uchafu ambao tangi la pH 7 lingeuvumilia, kwako unaunguza matamvua. Dalili zake ni samaki kupumua haraka na kukaa juu karibu na mdomo wa filta.

Sasa hesabu ya maji. Vipimo vyako vinatoa lita 126, lakini ukiondoa changarawe ya sm 5 na nafasi ya sm 3 iliyoachwa juu, yanabaki kama lita 105. Katika lita hizo sisi tungepanga hivi: enjeli wawili, moli wa mapezi mafupi watano (dume wawili, jike watatu), na koridora sita aina ya sterbai. Moli hupenda maji magumu na mwili wake ni mkubwa, enjeli hamwezi. Vifaranga vya moli vingi vitaliwa, na kwako hilo ni jambo jema, kwani bila hivyo tangi lingefurika. Koridora wengi huchoka joto likizidi nyuzi 26, ila sterbai huvumilia 28. Wao huokota chakula chini, kwa hiyo changarawe iwe laini, mchanga wa mto uliooshwa ni bora zaidi, maana kokoto zenye ncha hukata ndevu zao.

Kwa nini enjeli wawili na si watatu? Wakipevuka, wawili hujifanya mke na mume na wa tatu hupigwa mpaka kufa. Subiri waonyeshe wenyewe nani kachagua nani, halafu mtoe aliyebaki. Neoni watatu walionusurika wape mtu mwenye tangi la maji laini na ya baridi kidogo. Nyuzi 28 si mahali pao hata kama enjeli wasingekuwepo.

Ugumu wa digrii 18 moli wataufurahia, enjeli wa kufugwa watauvumilia, koridora hawatapendezwa nao. Changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, yaliyokingwa baada ya mvua za mwanzo kuosha bati, nayo yatashuka mpaka digrii 9. Usifanye kwa siku moja. Badilisha lita 25 kila wiki kwa mchanganyiko huo, na baada ya miezi miwili utakuta tangi limekaribia digrii 10. Utatumia lita kumi na mbili na nusu za mvua kwa wiki, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 lililofunikwa vizuri linavuka kiangazi bila wasiwasi. Maji yanayopungua kwa kukauka yajazie kwa mvua tupu, kwa sababu chumvi na chokaa havikauki pamoja nayo. Ukijazia ya kisima, ugumu utapanda tena kimyakimya.

Jambo la mwisho ni hewa. Maji ya nyuzi 30 hubeba kama miligramu 7.6 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 20 hubeba 9.1, na usiku mimea nayo hupumua oksijeni hiyohiyo. Washa pampu ya hewa tangu taa inapozimwa hadi asubuhi. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya betri ndiyo ya kwanza kununua. Filta ya kopo ikikaa saa nyingi bila maji kupita, bakteria wake wanaovunja uchafu hufa kwa kukosa hewa. Kabla ya kuiwasha tena, mwaga maji yaliyolala ndani na suuza sponji kwa maji ya tangi, la sivyo unarudisha sumu yote kwa samaki.

Habari za kazi. Tangi langu ni la lita 100, maji ya bomba, lina neoni kumi na wawili na mimea mingi. Mwani wa kijani umefunika kioo na majani. Muuzaji ameniambia pleko mmoja atamaliza kazi. Ni kweli?
*Msomaji, Nairobi*

Si kweli. Pleko wa kawaida wa dukani (Pterygoplichthys) ana sm 5 leo, lakini hufikia sm 40. Akikua hula mwani kidogo, hung'oa mimea na kukwangua majani mapana mpaka yanabaki nyavu. Wengi huishia kumwagwa mtoni au bwawani, na hilo usilifanye kamwe: ni samaki wa Amerika Kusini, na kwingi alikotupwa amegeuka balaa.

Mwani wako umetokana na mwanga. Punguza taa hadi saa sita kwa siku, iwe na swichi ya saa, na tangi lisipigwe na jua la dirishani. Futa kioo, kata majani yaliyovamiwa kabisa, badilisha theluthi moja ya maji kila wiki kwa wiki nne. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini kwanza.

Kama unataka msaidizi, tafuta otosinkla sita, samaki wadogo wanaokula mwani. Wana sm 4 tu, hawagusi mimea, na neoni hawawatishi. Tangi liwe na miezi mitatu au zaidi, kwani kwenye kioo kipya kisicho na utando wa mwani hufa njaa. Mwani ukiisha wape kipande cha zukini kilichochovywa maji ya moto, kifungwe kwenye jiwe na kutolewa asubuhi. Tazama tumbo: likiwa bapa au limebonyea, mnyama ana njaa. Juni hadi Agosti weka hita ya wati 100 kwenye nyuzi 24. Usiku wa Nairobi hushusha tangi chini ya 20.

Naishi Kigoma. Naweza kuchanganya samaki wa ziwa letu na mimea na gapi?
*Msomaji, Kigoma*

Mimea ndiyo, gapi hapana. Maji ya Tanganyika yana pH karibu na 9, na samaki wake wengi wa familia ya sikilidi ni wakali wa mipaka: gapi mwenye mkia mrefu atachakazwa. Valisineria humea ziwani kwenyewe, na anubiasi iliyofungwa kwenye jiwe hustahimili pia. Usizike shina lake nene, litaoza. Anza na wale wadogo wanaoishi ndani ya makombora ya konokono Neothauma. Lita 60 zinatosha kundi dogo. Weka mchanga wa sm 5, kwa sababu huufukua na kuuhamisha, na makombora mawili kwa kila samaki. Mimea ipande pembeni, mbali na makombora, la sivyo watakuchimbulia kila usiku. Kabla ya kukamata, pita ofisi ya uvuvi ya wilaya uulizie kibali.