Kitambi, ugali na futi ya fundi cherehani

Mwanangu,

Umeniuliza mbona wiki tatu unakimbia kila alfajiri na kupiga sit-apu mia, kitambi kipo palepale, na kama uache ugali.

Sit-apu hukaza misuli ya tumbo. Mafuta yaliyo juu yake haziyagusi. Mwili huyatoa unakotaka wenyewe.

Ugali usiuache. Angalia dumu la mafuta. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, karibu sawa na nusu saa ya kutembea haraka. Mchicha unaomiminiwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu hunywa vijiko vinne au vitano bila mtu kujua. Pima: viwili kwa sufuria ya watu wanne vinatosha, na kitunguu kikianza kushika chini, nyunyizia maji. Soda ya nusu lita ina sukari kama gramu 50, zaidi ya vijiko kumi vya chai. Anza kwa kuacha hiyo. Sahani yako iwe na bonge la ugali kama ngumi yako, maharage au samaki, na nusu yake mboga. Chipsi mayai hata sitaki kuzizungumzia.

Kukimbia kila siku punguza. Pumzi huzoea upesi kuliko mifupa, ndiyo maana miundi inauma. Mara tatu kwa wiki: kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara kumi. Ukishindwa kutamka sentensi nzima, umezidisha. Siku mbili nyingine keti kwenye stuli na uinuke bila kushika kitu, mara kumi, raundi tatu. Kisha pushapu, hata za ukutani. Ukirudi usijilipe vitumbua. Kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, simama na uende hospitali.

Mizani kupanda kilo moja kwa usiku mmoja mara nyingi ni maji tu. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai. Futi ya fundi cherehani inasema kweli zaidi: izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, na usibane tumbo, nakujua. Kwa mwanaume, ikizidi sentimita 94 hatari ya kisukari na presha inapanda.

Kile kijiko kifunge kwa uzi kwenye dumu, kisipotee.

Mama yako