Kasa, Kereng'ende na Cherehani Yangu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mwaka wa pili huu nashonea nyumbani. Wenzangu wote wana fremu. Nakosea wapi?" Moyo uliniuma, maana niliwahi kuwa yeye.

Mimi ni mtu wa Mafia. Utotoni tulikuwa tukivuka kwenda kisiwa cha Juani kuangalia watoto wa kasa wakitoka mchangani. Kiota kimoja kina mayai mia na ushee, hukaa chini ya mchanga kama miezi miwili. Jike akinusurika, huweza kumaliza miaka 25 au zaidi kabla hajataga mara ya kwanza. Kereng'ende naye huja na kaskazi na mvua za vuli. Hutaga kwenye dimbwi la njiani, na baada ya wiki 6 hivi watoto wanaruka. Lazima wawahi, dimbwi linakauka.

Basi mwaka wangu wa pili wa kushona nilikopa kikoba, nikachukua fremu Dar es Salaam, cherehani tatu. Aliyenisukuma ni rafiki yangu wa karibu: "Utazeekea uani?" Likaja gauni la harusi. Nililikata usiku, sikumjaribisha mwenyewe. Bibi harusi alipoinua mkono, mshono wa kwapa ulifumuka, bitana nyeupe ikachungulia mbele ya wageni. Rafiki yangu alikuwepo. Alicheka. Kicheko kile bado nakisikia. Miezi mitano baadaye nilirudisha fremu.

Sasa mdogo wangu, nisikilize. Sare za shule za Januari ni dimbwi: kesha, shona, ukifika Februari mteja hayupo. Hapo kuwa kereng'ende. Gauni la harusi ni bahari: hapo kuwa kasa. Mkono hukomaa taratibu, na jina hukawia zaidi ya mkono. Mimi nilikimbia pale pa kutulia. Jaribisha nguo mara mbili. Usikope kwa ajili ya maneno ya watu. Narudia, usikope kwa ajili ya maneno ya watu! Fremu ya mwenzio huijui ina deni gani, na Mungu hakukuandikia riziki yako kwenye kibao cha duka lake.

Huu ni mwaka wangu wa 11. Mwezi uliopita alikuja mdogo wake yule bibi harusi, na kitambaa chake mkononi, akitaka nimshonee mimi. Nilimwinulisha mikono mara tatu ndipo nikakata uzi.