Baba kaandikiwa CT ya mishipa ya moyo, kahawa aache kweli?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Tanga, baba yangu ana miaka 61, ana sukari na presha, anatumia metformin na vidonge vya presha. Kwa muda sasa akipanda ngazi kifua kinambana, akipumzika kinaachia. Kaandikiwa CT ya mishipa ya moyo, anatakiwa aende Dar wiki ijayo. Kaambiwa asinywe kahawa kuanzia siku moja kabla na ye jioni zake zote ziko barazani na wenzie na vikombe vya kahawa, anasema hao wanamsumbua tu. Alafu anaamini anaenda kupasuliwa. Je metformin aache? Na hiyo mionzi si itamuongezea ugonjwa mwingine?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumfuatilia mzee. Kwanza mtoe hofu, hapasuliwi, CT ni mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi. Anachomwa sindano moja tu ya kuweka kanula, yani kimrija kidogo cha kupitishia dawa, mkononi, kwenye kiwiko, basi. Ile ya kupitisha mrija kwenye mshipa wa mkono au paja mpaka kwenye moyo ni kipimo kingine, inafanyika kathlabu, yani chumba maalumu cha kazi hiyo, kama pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na mara nyingi CT ndo inasaidia kujua kama kuna haja ya kufika huko.

Sasa kahawa. Hawamsumbui hata kidogo. Mishipa inayolisha moyo ni myembamba, milimita chache tu, na inachezacheza kila moyo unapopiga, kwahiyo mashine inavizia ule muda mfupi moyo umetulia kati ya pigo na pigo ndo inapiga picha. Moyo ukienda mbio ule muda unakuwa mdogo na picha inatoka na ukungu, yani ni kama kumpiga picha mtoto anayekimbia. Wanataka mapigo yawe chini ya 65 kwa dakika, wengine wanapenda yakaribie 60 kabisa, na kahawa inayapandisha. Kwahiyo aache kahawa, chai ya majani, soda za kola, energy drink, na hapa wengi wanapigwa chenga, hata Panadol Extra ina kafeini ndani yake. Sigara pia aiweke pembeni. Barazani aende tu, ashike kikombe cha maji.

Akifika watampima mapigo na presha, yakiwa juu watampa kidonge cha kuyashusha, mara nyingi metoprolol, alafu anakaa kama saa nzima akisubiri kifanye kazi. Ndo maana usipange kurudi Tanga na basi la mchana. Kama ana pumu aseme mapema kabla hajapewa, maana dawa za kundi hilo zinaweza kubana kifua, na zipo nyingine za kutumia.

Naomba unisome vizuri hapa maana ndipo watu wanapoficha. Kabla ya picha wanampulizia au kumwekea chini ya ulimi dawa inayoitwa nitrogliserini, inatanua mishipa ionekane vizuri. Dawa hiyo ikikutana na vidonge vya nguvu za kiume presha inaweza kuporomoka vibaya sana mtu akazimia au yakamkuta makubwa zaidi. Sildenafil, yani Viagra, isiwepo mwilini angalau saa 24, na tadalafil, yani Cialis, saa 48. Na msiseme yeye anatumia za asili tu, dawa za kuongeza nguvu zinazouzwa kama mitishamba zimewahi kukutwa zimechanganywa na sildenafil bila kuandikwa popote. Najua wewe binti huwezi kumuuliza baba yako jambo hilo na wala sikutumi. Mwambie baba yako mdogo au shemeji yako amkalishe pembeni, au mkifika nong'ona na nesi wa kiume amuulize mzee wakiwa wawili. Akisema ametumia hawamfukuzi wala hawamcheki, wanaruka tu ile dawa au wanampangia siku nyingine.

Metformin: sikuambii aache wala aendelee mpaka figo zijulikane. Kuna dawa anachomwa inaitwa kontrasti, ndo inafanya mishipa ionekane kwenye picha, ina ayodini na inatokea kwenye figo, kwahiyo apimwe kriatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, kabla ya safari. Figo zikiwa vizuri wengi hawasimamishi, zikiwa dhaifu metformin inasimamishwa kwa saa 48 baada ya kipimo alafu figo zinapimwa tena. Ila vidonge vya presha asiache, ameze asubuhi na maji kama kawaida labda daktari wake aseme vingine. Chakula asile kwa muda wa kama saa 4 kabla ya kipimo, maji anywe, na kama angekuwa anachoma insulini ningesema uliza dozi ya asubuhi hiyo maana sukari inaweza kushuka njiani.

Kuhusu mionzi, ipo, ila kwa mashine za sasa mara nyingi ni kati ya milisiveti (kizio cha kupimia mionzi) 1 na 5, na wastani wa ile tunayopata kwenye ardhi na angani duniani ni kama 2.4 kwa mwaka. Kwa mzee wa 61 mwenye sukari na kifua kinachobana akitembea, kutojua hali ya mishipa yake ni hatari kubwa kuliko hiyo.

Kitu kimoja cha kufanya nyumbani: mfundishe kubana pumzi sekunde 10 hadi 15 bila kujitikisa, mikono juu ya kichwa, maana ndivyo atakavyolala. Mashine nyingine zinatoa maelekezo kwa Kiingereza, mwombe fundi amweleze kwanza kwa Kiswahili.

SWALI: Mimi nilifanya hicho kipimo, dawa ilivyoingia nikasikia joto mpaka huku chini nikajua nimejikojolea mtu mzima mimi, niliona aibu sana. Ni kawaida? Alafu nina mzio wa kamba wa baharini, nikaambiwa na jirani nilikuwa nacheza na kifo.

JIBU: Hukujikojolea mama, ni kontrasti hiyo, karibu kila mtu anasikia hilo joto na ladha ya chuma mdomoni, inapita ndani ya dakika moja hivi. Jirani yako kachanganya, mzio wa kamba unatokana na protini za kamba wala siyo ayodini. Anayetakiwa kusema kwa herufi kubwa ni yule aliyewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya kuchomwa kontrasti yenyewe. Wewe siku nyingine taja tu mzio wako, kaa pale kama nusu saa baada ya kipimo wakuangalie, na unywe maji ya kutosha.