Basalti na makaa ya mawe: wadogo zangu mnaoanza jiolojia, rangi nyeusi isiwadanganye

Mwaka wa kwanza kwenye praktiko ya mawe nilikuta trei ina sampuli mbili nyeusi, sikuzishika hata, nikaandika zote makaa ya mawe. Moja ilikuwa basalti, jiwe la volkano linalotokana na lava iliyoganda. Maksi zilienda lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba tofauti za hayo mawe mawili nilikuwa nimezikariri usiku mzima kwenye jedwali, na jedwali halikunisaidia kitu pale mezani.

Kwa hiyo cha kwanza ni kushika. Basalti isiyo na matundu ina uzito wa kama gramu 2.8 hadi 3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, makaa ni kama 1.3 hivi, yani vipande vyenye ukubwa sawa mkono wenyewe utakwambia. Halafu angalia vidole, makaa mengi yanakuacha na masizi. Yasugue kwenye kigae cheupe kisicho na glezi, makaa yanachora mstari mweusi au kahawia iliyokolea, basalti inaacha unga wa kijivu tu. Ukija na lenzi, makaa utaona mistari mistari, mmoja unang'aa unaofuata umefifia, na yanavunjika kirahisi kwa vipande vya pembe pembe, wakati basalti ni chembe ndogo mno zimeshikana kwa sababu lava ilipoa haraka fuwele hazikupata muda wa kukua. Ila basalti yenye matundu mengi ya gesi inaweza kuwa nyepesi, usihukumu kwa uzito peke yake. Na ukiwa fildi usilaze dira juu ya basalti, ina chembe za magnetaiti, madini ya chuma yenye usumaku, na sindano inaweza kupotoka.

Sasa swali ambalo naona wengi wanalijibu vibaya: kwa nini makaa yanawaka na basalti haiwaki? Wanaandika "kwa sababu basalti ni ngumu". Hapana jamani. Almasi ni ngumu kuliko basalti mara nyingi na ukiipasha joto kali sana kwenye oksijeni inaungua, kwa sababu ni kaboni. Ishu ni kilichomo ndani. Basalti ni silika (silikoni iliyofungana na oksijeni) asilimia 45 hadi 52, kinachobaki ni alumini, chuma, kalsiamu, magnesiamu na wenzao, na karibu vyote vilishafungana na oksijeni tangu jiwe halijaganda, kwa hiyo hakuna cha kuunguza. Chuma chake kinaweza kuendelea kushika kutu taratibu, ndo maana basalti iliyokaa juani na mvuani inavaa ganda la kahawia, ila moto hutauona. Makaa ni kaboni na haidrojeni ambazo bado zinaingoja oksijeni. Mi hii ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote: jiwe lililozaliwa kwenye joto la nyuzi 1,000 hadi 1,200 haliwaki, lililozaliwa kwenye maji ya kinamasi ndo linawaka.

Na maji hayo ndo sababu yenyewe. Kwenye kinamasi maji yametulia, oksijeni ni kidogo, mimea ikianguka haiozi yote, inajilundika inakuwa mboji nzito, ikifunikwa na matope na mchanga inakandamizwa na kupata joto, inakuwa lignaiti, baadaye bituminasi, mwisho antrasaiti, na kila hatua maji na gesi vinapungua kaboni inaongezeka. Usiandike kwamba makaa yote ni ya kipindi cha Kaboniferasi, miaka milioni 359 hadi 299 iliyopita. Mengi ya Ulaya na mashariki mwa Marekani ndiyo, ila India, Australia na kusini mwa Afrika mengi ni ya Permia, kipindi kilichofuata. Na kwenye kulinganisha chukua bituminasi, antrasaiti iache, vitabu vingine vinaiweka kwenye miamba geu, yani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, na utajiingiza kwenye ubishi bure.

Mtego mwingine ni kudhani mawe haya hayakutani. Australia kuna mlima unaitwa Burning Mountain, unatoa moshi, na walowezi wa karne ya 19 walidhani ni volkano, kumbe ni tabaka la makaa linaungua chini ya ardhi, inakadiriwa kwa miaka kama 6,000. Moto wa namna hiyo unachoma udongo na mawe ya juu yake mpaka yanakuwa mekundu, mengine yanayeyuka kidogo na kutoka matundu kama ya lava. Ukikuta jiwe jekundu lenye matundu tafuta kwanza lilikaa juu ya nini ndo uite la volkano.

Kinyume chake pia kipo, magma, yani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, inapenya kwenye ufa inakata tabaka la makaa, na makaa yaliyo karibu yanapikwa bila hewa, gesi zinatoka yanabaki koki ya asili, ngumu na yenye vitundu. Ukikuta hivyo chukua sampuli kadhaa kuanzia pale magma ilipogusa makaa kwenda nje na kila moja uandike umbali wake, maana ukisogea kidogo tu unaweza kukuta makaa ya kawaida kabisa.