Monita ya ex-UK, TV ya sebuleni na meza ya Kibuye: nawajibu

Haya nimerudi. Wiki mbili hizi kazi imenibana lakini maswali yenu ya setapu, yaani skrini na meza ya kompyuta, nimeyasoma yote, nikachukua yale yanajirudia. Najibu nikiwa hapa Kisumu kwa meza yangu, feni inavuma, mkiona mahali nimekuwa mkali mjue ni joto.

Wa Kondele: Nimenunua monita ya ex-UK (mtumba wa Uingereza) inchi 22, nyuma iko na poti za picha za VGA na DisplayPort pekee. Laptopu yangu ina poti ya HDMI. Nikanunua kebo ya HDMI kwenda DisplayPort na skrini inasema hakuna signali. Muuzaji anaapa monita ni nzima. Nani ananidanganya?

Hakuna mtu anakudanganya ndugu yangu, ni kebo tu, na hii kitu imekula pesa ya watu wengi sana mimi nikiwemo. Hizo kebo za bei ya chini ziko na mwelekeo mmoja tu. Kompyuta yenye poti ya DisplayPort mara nyingi inajua kutoa signali ya HDMI yenyewe, ndiyo maana kebo ya kawaida inatosha kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya skrini. Wewe unataka kinyume chake, na HDMI ya laptopu haijui kabisa kuongea lugha ya DisplayPort, kwa hivyo unahitaji adapta yenye chipu ndani ya kutafsiri. Utaitambua kwa sababu mara nyingi huwa na kamkia ka USB ka kunyonya stima. Mimi duka moja mjini liliniuzia kebo tatu, moja baada ya nyingine, kila moja "hii sasa ndiyo orijino", na zote tatu zilikuwa kitu kile kile.

Kabla hujatoa pesa tena, angalia laptopu kama iko na USB-C inayotoa picha. Ikiwa iko, kebo ya USB-C kwenda DisplayPort inafanya kazi moja kwa moja. Lakini si kila USB-C inatoa picha, zingine ni za data na chaji tu, na alama ya pembeni haisaidii kila mara, tafuta modeli yako usome vile imeandikwa. Ikikataa, tumia VGA na adapta ndogo ya HDMI kwenda VGA. Ndiyo, VGA ni ya 1987, IBM ndio walileta, lakini kwa inchi 22 utaandika kodi za programu bila shida, herufi zikiwa na ukungu bonyeza kitufe cha Auto kwa monita. Na wengine mnaoenda kununua za ex-UK, ukikuta iko na poti ya DVI furahi, HDMI na DVI ni ndugu, kebo ya kawaida inatosha.

Wa Free Area, Nakuru: Niko na TV ya inchi 32 sebuleni, si ni monita kubwa tu?

Si monita. TV nyingi za inchi 32 ni vidoti 1366 kwa 768, ukigawa hivyo vidoti kwa ule upana unapata kama 49 kwa kila inchi, na monita ya inchi 24 ya 1080p (vidoti 1920 kwa 1080) ina kama 92. Ukiwa umekaa kwa kochi huoni tofauti. Ukikaa sentimita 60 mbele yake utaona herufi ziko na meno. Ukilazimika, ingia kwa settings za TV uzime ile kitu inakata kingo za picha, ushushe sharpness karibu na sifuri, na kama TV inakubali, ipe ile HDMI jina la PC. TV ya 4K (vidoti 3840 kwa 2160) ya inchi 43 ni hadithi nyingine, hiyo inafika vidoti 102 kwa inchi na watu wanaitumia vizuri, ila hakikisha laptopu inatoa 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, kwa sababu HDMI 1.4 kwa 4K inaishia 30Hz na utaona mausi inaburutika kama imekanyaga matope.

Wa Kibos: Monita tatu ni nyingi?

Ndiyo.

Dada wa Milimani, hapa Kisumu: Nimeambiwa fundi wa soko la Kibuye atanitengenezea meza safi kuliko za dukani. Nimwambie vipimo gani? Shingo na mabega yananiuma.

Hili ndilo swali nilikuwa nangoja, kwa sababu wengi wenu mnaniuliza skrini na ukiangalia picha mnatuma, shida iko kwa meza. Dada, usimwambie fundi "meza ya ofisi" ukaondoka. Atakupigia inchi 30 kwenda juu kwa sababu ndivyo amezoea, na inchi 30 ni sentimita 76, hiyo ni meza ya kulia chakula. Kama si mrefu, mabega yatakuwa yanapanda siku nzima bila wewe kujua, halafu jioni unatafuta mtu wa kukukanda.

Mimi nilienda Kibuye na kiti changu nimekibeba kwa boda, watu wakanicheka. Lakini fundi aliponiona nimekaa, nyayo chini, viwiko nimevikunja kama naandika, akaacha kucheka, akachukua futi kamba akapima kutoka chini mpaka kwa kiwiko, akaandika 27 kwa mbao na ile penseli ya sikioni. Inchi 27. Tatu nzima chini ya kawaida yake! Hiyo ndiyo namba yako pekee ya maana, na hakuna mtu anaweza kukupa kwa simu.

Zingine ni ndogo ndogo. Kina cha meza, mwambie inchi 30, si 24, ndiyo skrini ikae mbali nawe kama urefu wa mkono. Asiweke mbao ya kushikilia miguu ya meza pale magoti yanapita, na droo ya katikati kataa, itakula nafasi ya mapaja. Vanishi isiwe ya kung'aa, dirisha litakuwa linakumulika kutoka kwa meza. Ukingo wa mbele autupie msasa mpaka uwe mviringo, hapo ndipo mikono inalala. Na kama utafunga mkono wa kushika monita, meza isiwe chipboard tupu, itabonyea, aongeze kipande cha mbao ngumu chini yake.

Shingo sasa. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini kidogo. Rimu moja ya karatasi ni kama sentimita 5, weka mbili chini ya monita ujaribu kabla ya kununua stendi. Kama unavaa miwani ya kusomea yenye sehemu mbili, ishushe zaidi. Kama uko na monita mbili na moja unaitumia zaidi, hiyo ikae katikati, usikae katikati ya mpasuo.

Wa Kakamega: Mvua ya mchana ikianza stima inaenda. UPS (kile kisanduku cha betri ya akiba) ya 650VA itanishikilia?

Kwa saa moja hivi, ukiitumia kwa akili. Ndani mara nyingi kuna betri ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 7, yaani wati-saa (Wh) 84 kwa karatasi, na hupati zote. Monita inchi 24 inakula kama wati 25, rauta 10. Chaja ya laptopu usiichomeke hapo kabisa, laptopu iko na betri yake. Na huko kwenu radi si mchezo, ukisikia imekaribia chomoa kwa ukuta, na ile kebo ya intaneti pia, watu husahau hiyo.

Wa Dunga: Wale wadudu wa ziwa wanajaa kwa skrini usiku. Nifanyeje?

Pole, nakuelewa. Hawaumi, wanafuata mwanga tu. Weka wavu kwa dirisha, washa balbu moja nje mbali na dirisha iwavute huko, na skrini iweke giza. Wakishakufa kwa skrini usiwafute wakiwa wabichi, utapaka supu. Zima, ngoja wakauke, wapanguse na brashi laini, halafu kitambaa laini chenye maji kidogo. Spiriti na dawa ya vioo hapana, zinatoa ile ngozi ya juu ya skrini na hairudi.