Titresheni kwa kompyuta: usiilaumu pampu, ingoje elektrodi

Ndugu uliyeuliza kuhusu titresheni, yaani kupima uchachu wa maziwa kwa kuyaongezea alkali kidogo kidogo hadi asidi yake iishe: umesema pampu uliyoiunganisha na kompyuta inapitiliza kikomo, ilhali kwa bureti ya mkono (bomba la kioo lenye vipimo na koki) unapata jibu sahihi. Nilihangaika na jambo hilihili hapa Mbarara kwa miezi mitatu. Nilibadilisha pampu mara mbili, bure.

Kosa lilikuwa haraka. Baada ya kila dozi, elektrodi ya kioo, ile inayopima pH (kiwango cha uasidi), huchukua sekunde kadhaa kutulia, na ikishapata utando wa mafuta na protini huchelewa zaidi. Programu isiyojua kungoja husoma pH iliyopitwa, ikadhani bado, ikaongeza sodiamu haidroksaidi, ile alkali yetu. Mtu wa bureti hungoja bila kujijua: anatikisa chupa, anatazama kama rangi ya waridi ya fenolfthalini, dawa inayobadili rangi asidi ikiisha, inakaa, ndipo afungue tena.

Mimi niliandika sharti moja: pH isomwe kila sekunde, na dozi itoke tu ikiwa haijasogea zaidi ya 0.01 ndani ya sekunde 5. Naanza na dozi za mililita 0.2, pH ikivuka 7.8 nashuka hadi 0.02, na nasimama ikifika 8.3. Usitafute kikomo pale grafu ya pH inapopanda ghafla, kama kwa asidi kali. Maziwa hupanda polepole.

Msidhani mililita 0.2 ni kidogo. Kwa sampuli ya mililita 10 na haidroksaidi ya 0.1 M (M ni moli kwa lita), hiyo ni karibu asilimia 0.018 ya asidi ya laktiki, na maziwa mabichi mazuri huwa kwenye 0.14 hadi 0.16 tu. Kosa hilo linatosha kumrudisha mfugaji na kopo lake. Mzee mmoja alirudishwa hivyo kwa mashine yangu. Nilipoyapima tena kwa mkono maziwa yalikuwa mazuri, naye ameshaondoka. Hadi leo linaniuma.

Namba zikirukaruka pampu inapozunguka, ipe mota umeme wake peke yake, kwa sababu ishara ya elektrodi ni dhaifu mno. Pima pampu kwa mizani kila wiki, maana mrija wake wa mpira huchakaa: mililita 1 ya maji ni karibu gramu 1. Elektrodi ioshe kwa pepsini (kimeng'enya kinachoyeyusha protini) yenye asidi, uihifadhi ndani ya potasiamu kloraidi ya 3 M, kamwe si maji yaliyotoneshwa.

Weka hapa pH zako za sekunde kwa sekunde, tuzitazame pamoja.